Kalkuleta ya grafu: anza na mtihani, sio duka

Kila mwezi wa nane huku Marekani shule zikikaribia kufunguliwa inakuja ile karatasi ya vifaa, madaftari, penseli, mafolda, halafu katikati ya vitu vya dola mbili tatu unakuta imeandikwa TI-84, yaani kalkuleta ya grafu. Mzazi anaingia dukani akidhani ni kalkuleta kama ya dukani kwa Mangi, anakuta bei inacheza dola mia na kupanda hadi 150. Na familia nyingi za kwetu huku, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, zina watoto wawili watatu wako hai skuli kwa wakati mmoja, sasa piga hesabu mwenyewe. Mimi nimekaa na hawa vijana kwenye hisabati muda mrefu, na hela nyingi naziona zinapotea hapa hapa, kwenye kununua haraka. Kwa hiyo naandika taratibu, kwa mzazi na kwa mwanafunzi, na walioko nyumbani Kenya na Tanzania wasiondoke, nina sehemu yao chini.

Mpangilio wangu ni huu. Kwanza ujue mtihani utakaofanya unaruhusu nini, pili ujue mwalimu wako anafundishia mashine gani, tatu ndio uangalie mfuko, na nguvu ya mashine iwe ya mwisho kabisa. Watu wengi wanaanzia mwisho, wanauliza ipi kali kuliko zote, na ile kali kuliko zote mara nyingi ndiyo inayokatazwa mlangoni kwenye chumba cha mtihani.

Kwa ufupi tu hii mashine inafanya nini: kalkuleta ya kawaida ya sayansi inakupa jibu la namba, ya grafu inachora. Unaandika mlinganyo, inakuchorea mstari au mkunjo, unaona unakata wapi mhimili wa x, wapi kilele, grafu mbili zinakutana wapi, na pia inabeba orodha za data kwa ajili ya takwimu. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa Casio fx-7000G mwaka 1985, Texas Instruments wakaja na TI-81 mwaka 1990, na hao Texas Instruments ndio wameshika madarasa ya Marekani mpaka leo.

Haya, mitihani.

SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, siku hizi inafanyiwa kwenye kompyuta, huku Marekani imekuwa hivyo tangu 2024, na ndani ya ile programu yao ya Bluebook kuna Desmos ya kuchora grafu tayari imewekwa, na hisabati yote unaruhusiwa kalkuleta. Maana yake mwanafunzi anayejiandaa kwa SAT peke yake halazimiki kununua chochote, afungue Desmos bure kwenye simu au laptopu afanye mazoezi nayo mpaka vidole vizoee. Hili wazazi wengi hawaambiwi. Kuja na yako bado inaruhusiwa ila zenye CAS hapana, walizitoa 2025.

CAS ndio neno la kulikariri kabla hujatoa hela. Kalkuleta yenye CAS inafanya aljebra yenyewe kwa herufi, unaipa x² − 5x + 6 inakurudishia (x − 2)(x − 3), unaipa mlinganyo inaufungua hadi jibu kamili, inatafuta derivativu kwa herufi sio kwa namba. Ni nzuri sana ukiwa unajisomea, lakini ACT, mtihani mwingine wa kuombea chuo, haiitaki kabisa, IB, ile programu ya kimataifa ya sekondari, haiitaki, SAT nimeshasema. AP Calculus, kalkulasi ya ngazi ya chuo inayosomwa hai skuli, yenyewe inaruhusu baadhi. Kwa hiyo TI-89, HP Prime, TI-Nspire CX II CAS, hizo zote ukimnunulia mtoto anayeenda kufanya ACT umemnunulia kitu cha kuacha nyumbani siku ya mtihani. Na hapo kuna mtego: TI-Nspire CX II ya kawaida na ile ya CAS zinafanana sana, tofauti unaiona kwenye maandishi ya CAS usoni pa mashine, sasa ukiwa unaagiza mtandaoni soma jina lote mpaka neno la mwisho, usiangalie picha.

AP Calculus inahitaji kalkuleta ya grafu kweli, ila sio mtihani wote. Maswali ya kuchagua ni 45, 30 unafanya bila kalkuleta na 15 ukiwa nayo, ya kujieleza ni sita, mawili na kalkuleta na manne bila. Na wanachotaka mashine yako iweze ni vitu vinne tu: kuchora grafu, kutafuta mahali ambapo grafu inakuwa sifuri, kupata derivativu kwa namba, na kupata integro kwa namba. Vinne. TI-84 ya zamani isiyo na rangi inavifanya vyote, Casio ya bei nafuu inavifanya vyote. Ukijua hivyo, muuzaji akianza kukuelezea skrini ya rangi na grafu za 3D unajua unasikiliza nini.

Sasa mwalimu. Hapa ndipo naweza kumtetea TI-84 ingawa bei yake inaniuma, maana mashine yenyewe ndani ni ya zamani, TI-84 Plus ilitoka 2004 ikiwa na skrini ya nukta 96 kwa 64, leo simu yoyote ya bei rahisi inaipita mbali. Lakini walimu wengi wa hai skuli huku wanafundisha kwa kutaja vitufe. Mwalimu hasemi "tafuta sifuri ya grafu", anasema second, trace, mbili, halafu anaendelea na somo. Mfano chukua x³ − 4x + 1. Unabonyeza Y=, unaandika hiyo, unabonyeza ZOOM kisha 6 ili upate dirisha la kuanzia −10 hadi 10, unaona mkunjo unakata mhimili mara tatu. Halafu 2nd, TRACE, 2, inakuuliza Left Bound, unapeleka kile kialama upande wa kushoto wa mkato unaoutaka, ENTER, inakuuliza Right Bound, unapeleka kulia, ENTER, inaomba Guess, ENTER tena, inakupa jibu. Ukifanya mara tatu unapata karibu −2.115, 0.254 na 1.861. Mtoto mwenye TI-84 anafuata kama anavyofuata imla, mtoto mwenye Casio inabidi atafute kwenye menyu nyingine kabisa, inaitwa G-Solv, na hakuna wa kumwonyesha, na dakika hizo mwalimu ameshafika mbali. Kwa kijana ambaye bado anapambana na Kiingereza huo ni mzigo juu ya mzigo. Kijana anayejiweza na anayependa kuchokonoa mashine, huyo mpe Casio, atatoboa. Kwa hiyo kabla ya kununua mwandikie mwalimu barua pepe ya mistari miwili: darasani mnatumia ipi, na je shule inazo za kuazimisha. Hilo swali la pili ulize bila aibu, shule nyingi zina kabati zima la TI-84 na baadhi wanaruhusu mtoto kwenda nayo nyumbani mwaka mzima kwa kusaini fomu, na vyuo vya jamii vingi vinaazimisha maktaba kama wanavyoazimisha vitabu.

Kama jibu ni nunua, basi hizi ndizo nazozijua.

TI-84 Plus CE ndiyo ya kawaida ya sasa, ilitoka 2015, ina rangi, nyembamba, inachajiwa, na toleo la karibuni linaitwa CE Python maana limeongezewa Python, lugha ya kuandikia programu. Chaji yake ni mini-USB, ile ya zamani kidogo, sio ya simu yako, kwa hiyo ile kebo ikipotea utahangaika, ifunge na raba pamoja na kalkuleta. Ukipata CE isiyo na Python kwa bei ya chini chukua, kwa darasa la hisabati hautaona tofauti.

TI-84 Plus ya zamani, nene, skrini ya kijivu, inatumia betri nne za AAA. Vitufe karibu vyote viko pale pale kama CE, kwa hiyo maelekezo ya mwalimu yanafanya kazi, na mtumba wake unashuka hadi nusu ya bei ya mpya au chini zaidi. Kwa maoni yangu hii ndiyo kalkuleta ya mwenye familia kubwa. TI-83 Plus ni babu yake, ya mwaka 1999, bei ya mtumba inashuka zaidi na bado inabeba aljebra na AP bila shida, ila ni mzito kidogo kuchora na haina USB.

Casio fx-9750GIII, ikiwa mwalimu hajali chapa, ndiyo mpya ya bei nafuu ninayoiamini, mara nyingi unaipata kwa nusu ya bei ya CE au chini, betri za AAA, Python imo. Ndugu yake mwenye rangi ni fx-CG50, skrini nzuri sana, wanafunzi wa IB wengi wanaitumia. TI-Nspire CX II isiyo na CAS ni mashine yenye nguvu kweli, imekaa kama kompyuta ndogo yenye mafaili, na wa IB wanaipenda, ila kwa mwanafunzi wa Algebra 1 ni vitu vingi mno kujifunza kwa wakati mmoja. NumWorks ya Wafaransa ilitoka 2017, menyu zake zinaeleweka haraka kuliko zote hizi, na uzuri mwingine wana kalkuleta yao yote bure kwenye tovuti, unaijaribu vitufe vyote kabla hujatoa hata senti.

Kununua mtumba ndiko ningependa watu wetu wengi waelekee, lakini kwa macho. Mashine hizi hazifi kirahisi, mtoto anamaliza shule anaitupa droo, zipo nyingi kwenye maduka ya mitumba na kwa watu binafsi. Ukikutana na muuzaji beba betri zako nne za AAA, usikubali "betri zimeisha tu lakini inafanya kazi". Fungua mlango wa betri kwanza: ukiona unga mweupe au kijani kwenye zile spring ujue betri zilivuja, inaweza kusafishika ila bei ishuke au uache. Weka betri, bonyeza ON. Skrini ikiwa tupu usikimbie, bonyeza 2nd kisha shikilia mshale wa juu, hapo wino unaongezeka, mara nyingi ilikuwa imefifishwa tu. Halafu jaza skrini yote na namba 8, mstari kwa mstari, 8 inagusa nukta nyingi kwa hiyo kama kuna mstari uliokufa wa wima au wa mlalo utauona hapo hapo. Bonyeza kila kitufe, kila kimoja, hasa ENTER na mishale maana ndivyo vinachoka. Mwisho ifute RAM, ile kumbukumbu yake ya kazi: 2nd, kitufe cha +, 7, 1, 2, itakuandikia RAM cleared, ukifika hapo mambo ya mwenye mashine wa zamani yaliyokuwa kwenye RAM yametoka. Halafu chora X² na ZOOM 6, ukiona bakuli lako limekaa sawa lipa uondoke nayo. Ikiwa ni CE hakuna AAA, hapo wasiwasi ni betri ya kuchaji kuwa imechoka, omba uione ikiwaka bila waya.

Na hili nalitilia mkazo: ukiona TI-84 yenye kava la njano na maandishi School Property, au jina la shule limechongwa nyuma, usinunue hata kwa dola tano. Hizo za njano zinatengenezwa maalum kwa ajili ya makabati ya shule, na mtoto wako akiingia nayo darasani ataulizwa ameitoa wapi, na hatakuwa na jibu zuri.

Ikishafika nyumbani kuna mambo matatu yanawaliza wanafunzi na kila siku nayaona. La kwanza digrii na radiani. Andika sin(30), ukipata 0.5 uko kwenye digrii, ukipata −0.988 uko kwenye radiani, unabadilisha kwenye MODE. Ukiifuta mashine kama nilivyosema juu inarudi kwenye radiani, na mtoto wa jometri anakosa maswali yote ya pembetatu huku njia yake ilikuwa sahihi. La pili, kitufe cha hasi sio kitufe cha kutoa, hasi ni kile chenye mabano kiko chini karibu na ENTER, ukikosea inaandika ERR:SYNTAX au inatoa kwenye jibu lililopita na haikwambii. Na ukiandika −3² itakupa −9, ukitaka 9 weka mabano (−3)². La tatu, unataka kuchora inakuandikia ERR:INVALID DIM, mtoto anadhani imeharibika. Haijaharibika, ni Plot1, ule mchoro wa data, imeachwa wazi baada ya somo la takwimu, bonyeza Y=, panda juu mpaka kwenye Plot1 iliyotiwa weusi, ENTER, imezima, endelea kuchora. Na kwenye takwimu kama LinReg, ile amri ya kupata mstari unaopita kwenye data, haikuonyeshi r, kipimo cha uhusiano, ingia MODE uwashe STAT DIAGNOSTICS, kwenye zile za zamani unatafuta DiagnosticOn kwenye CATALOG.

Sasa nyumbani. Wewe wa KCSE na wewe wa form six, tafadhali usimwambie shangazi yako wa Marekani akutumie TI-84. Karatasi ya KCSE inasema kalkuleta isiyo na programu na isiyo na sauti, NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, kwenye Advanced Mathematics nao wanataka isiyo na programu, na kalkuleta ya grafu zote hizi zinaandikika programu kwa hiyo zimetoka. Cambridge A-level nao ya grafu hawaitaki. Mwambie shangazi akutumie Casio fx-991, au anunue kitu kingine kabisa. Hiyo fx-991ES Plus inafanya integro, derivativu kwa namba, matriki, vekta, milinganyo ya kwadrati na kyubiki, na ina kitu watu wengi hawakigusi: MODE 7, TABLE. Unaandika fankisheni yako, unaipa mwanzo, mwisho na hatua, inakutolea jedwali zima la thamani za x na y, wewe kazi yako ni kuweka nukta kwenye karatasi ya grafu na kuunganisha. Kwa mtihani unaotaka uchore kwa mkono hicho ndicho unachohitaji. Madukani feki zimejaa kwa hiyo nunua kwenye duka la vitabu au la vifaa vya ofisi lenye risiti, na ukiwa pale pale piga hesabu ambazo jibu lake unalijua, sehemu, mzizi, integro moja, feki nyingi zinajulikana kwa vitufe vinavyokwama na maandishi yanayobanduka kwa ukucha. Wa IB ndio tofauti, walioko International School of Tanganyika pale Dar, Aga Khan Academy Mombasa, UWC East Africa Moshi na Arusha, ninyi kalkuleta ya grafu ni lazima, na ukichagua hisabati ya AI (Applications and Interpretation) utaitumia kwenye karatasi zote za mtihani, ukichagua AA (Analysis and Approaches) ile karatasi ya kwanza ni mkono mtupu. Kuipata huko madukani ni kazi, hapo ndipo shangazi anapohitajika, na mwambie wazi wazi isiyo ya CAS.

Chuo nako watu wanadhani ukipanda ngazi unahitaji mashine kubwa zaidi, mara nyingi ni kinyume. Idara nyingi za hisabati za vyuo hazikuruhusu kalkuleta ya grafu kwenye mitihani ya kalkulasi, nyingine hazikuruhusu kalkuleta yoyote, wanataka waone kichwa chako. Subiri silabasi ya wiki ya kwanza ndio ununue. Takwimu ndilo somo ambalo TI-84 bado inabeba watu chuoni, zile amri zake za takwimu, 1-Var Stats na normalcdf, zinaokoa muda mwingi kuliko kuhangaika na jedwali nyuma ya kitabu, kwa hiyo anayesomea uuguzi au biashara na atakutana na takwimu aitunze ile ya hai skuli asiiuze. Anayesomea uhandisi nataka ajue hili mapema: mtihani wa FE, ule wa kuanzia leseni ya uhandisi huku, unakubali familia chache tu za kalkuleta, Casio fx-115 na fx-991, TI-30X na TI-36X, HP 33s na 35s, ya grafu hata moja haimo. Nunua fx-991 au TI-36X mwaka wa kwanza, bei yake ni sehemu ndogo tu ya TI-84, uizoee miaka yote minne mpaka vitufe uvijue gizani, na mahesabu makubwa fanya kwenye laptopu, Desmos na GeoGebra ni za bure na kwenye simu zinafanya kazi hata bando likiisha.

Likizo ndefu zikifika toa betri za AAA kwenye mashine uziweke pembeni, maana zinavujia humo humo kwenye droo kati ya mwezi wa sita na wa nane, na andika jina la mtoto nyuma kwa kalamu ya wino usiofutika, darasa zima lina kalkuleta zinazofanana.